Radhi Niliyomnyima Thani

Thani alianza kuomba radhi kwa mama yake, mbele ya sinia la pilau, na mimi mkewe nimeshika bakuli la kachumbari.

Ilikuwa Ijumaa baada ya Sala, nyumbani kwa mama mkwe wangu Bi Masouda, Al Khuwair ya Kusini, hapa Omani, ambako ukoo mzima hula pamoja. Watu walikuwa wakimtania kuhusu safari yake. Yeye na marafiki zake wawili, Khattab na Safwan, walikuwa waende Ulaya kuendesha baiskeli za milimani, katika kimji kidogo cha Milima ya Alpi kinachoitwa Talbrunn. Mmoja anauliza kama mtu mwenye mvi haoni haya kucheza baiskeli kwenye theluji, na Thani anaeleza kwa mara ya mia kwamba kiangazi hakuna theluji huko, ni majani na ng'ombe tu. Mara akaliacha tonge lake, akamgeukia mama yake.

"Mama, niwie radhi. Kama kuna siku nimekukera, niwie radhi."

Vicheko vikakatika. Bi Masouda akamtazama.

"Kwani wendapi? Makka?"

"Talbrunn, Mama."

"Kwenye baskeli?"

"Ndiyo."

Mama akamwekea mkono kichwani. "Nimekuwia radhi, mwanangu. Nenda salama, urudi salama."

Hamu ya kula iliniisha palepale. Sisi watu wa Unguja tuliorudi Omani tunaijua desturi hii na kipimo chake. Anayekwenda Hija huomba radhi. Anayekwenda kupasuliwa huomba radhi. Mgonjwa akiona siku zake zinakwisha huwaita watu mmoja mmoja. Lakini anayekwenda kutembea Ulaya hutuma ujumbe kwenye kikundi cha familia kuuliza nani anataka chokoleti. Nikamtazama mume wangu akirudi kwenye pilau yake, nikajua kuna kitu anakijua yeye na mimi sikijui.

Safari hiyo aliipanga yeye peke yake tangu wakati wa baridi. Thani anafanya kazi wizarani, Al Khuwair, na kazi yake ni mipango; mtu huyu hupanga hata namna ya kuweka vikombe kabatini. Yeye ndiye aliyetafuta nyumba ya kukodi pale Talbrunn, yenye banda la kufungia baiskeli. Yeye ndiye aliyezisoma njia za mlimani moja moja, ipi nyepesi, ipi ya kuvunja shingo. Alinieleza kwamba kuna viti vinavyoning'inia kwenye waya, vinambeba mtu na baiskeli yake mpaka juu, kazi yake ikawa kushuka tu.

"Yaani mnapanda kwa waya mnashuka kwa ujinga," nilimwambia, akacheka mpaka akakaa chini. Wakati huo alikuwa bado anacheka.

Kila Ijumaa alfajiri walikuwa wakipakia baiskeli kwenye gari na kwenda upande wa Yiti kufanya mazoezi, kwa sababu barabara ya huko inapanda na kushuka milima mpaka pwani. Ijumaa moja alirudi kiwiko kimechunika na kofia yake ya kuendeshea ina ufa. Akasema ameteleza kwenye mchanga. Ile kofia akaitia kwenye pipa la taka mwenyewe, kabla sijaishika. Mtu ambaye hatupi hata boksi tupu! Nilimuuliza kama ameumia kichwa, akanijibu, "Mambo ya kawaida, Kheiria, usianze." Nami sikuanza. Ukweli ni kwamba niliogopa atakachonijibu.

Tangu siku hiyo alipanga kwa bidii ileile, ila kicheko kilikwisha. Wiki iliyofuata ndiyo akaanza kuomba radhi.

Baada ya mama yake, alikwenda kwa jirani, kisha kwa kaka yake Azzam. Hawa hawakuwa wanasemeshana kwa miaka, kwa ajili ya neno lililosemwa kwenye harusi ambalo kila mmoja anashikilia kwamba limesemwa na mwenzake. Nilijua amekwenda kwa sababu Azzam alinipigia simu, na Azzam hajawahi kunipigia simu.

"Shemegi, Thani mzima?"

"Mzima. Kwani vipi?"

"Kaja hapa. Kaniomba radhi. Kalia machozi, Kheiria. Mimi nimempa, tena nimemkumbatia, lakini wallahi tangu aondoke sijakaa. Ana nini?"

"Anakwenda kuendesha baskeli," nilisema, na sauti yangu mwenyewe ikanitisha.

Siku mbili zilizofuata sikulala vizuri. Usiku nilikuwa nikigeuka na kusikiliza anavyopumua, nami si mwanamke wa kusikiliza wanaume wakipumua. Asubuhi Semeni, dada anayetusaidia nyumbani, mtu wa Tanga, akanikuta jikoni akasimama na ufagio mkononi bila kufagia.

"Mama, samahani. Bosi jana ameniomba msamaha."

"Kakukosea nini?"

"Hajanikosea kitu, ndiyo nashangaa. Amesema labda siku moja alinifokea. Nikamwambia nimesamehe, nifanyeje sasa? Lakini mama, nyumbani kwetu mtu akianza hivyo, tunatuma watu waje. Mimi naogopa."

"Fagia, Semeni," nilimwambia kwa ukali, kwa sababu na mimi nilikuwa ninaogopa, na waoga wawili katika jiko moja ni wengi.

Mama, kaka, jirani, Semeni. Wote walikuwa wameombwa isipokuwa mimi. Nikajishika na hilo. Nilijiambia kwamba maadamu hajaniomba mimi, bado hajaaga. Nikawa namkwepa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Akikohoa kama mtu anayetaka kusema jambo, nakumbuka nguo za kuanika.

Jumatano, safari imebaki siku chache, marafiki walikuja baada ya Alasiri kumaliza mipango. Walikaa majlisi, sebule yetu ya wageni, na kahawa na haluwa, baiskeli ya Thani imeegemezwa ukutani, magurudumu yameshatolewa tayari kwa boksi. Safwan akawasha kwenye televisheni picha za mtu aliyeishuka njia moja ya Talbrunn, kamera imefungwa kwenye kofia yake. Nilikuwa nimeleta birika jipya, nikashindwa kuondoka. Njia yenyewe ni upana wa msala. Kulia jabali, kushoto hakuna kitu, ni hewa tu, na chini kabisa mapaa ya nyumba madogo mno. Gurudumu linarukaruka kwenye mawe.

"Hii Thani ndiye atakayetangulia," alisema Safwan. "Yeye ndiye anayeijua kila kona."

"Atangulie, yakhe, mimi ntafuata vumbi lake," alisema Khattab, lakini hakucheka.

Mimi nilimtazama Thani. Hakuwa akitazama televisheni. Alikuwa akitazama mikono yake, ameiweka mapajani, anaikunja na kuikunjua.

Walipoinuka kwenda kuwahi Magharibi msikitini, Safwan akatangulia kwenye gari. Nikavuta mtandio wangu, nikamfuata Khattab mlangoni. Khattab ni rafiki wa Thani tangu shule na kwangu ni ndugu, sikuwa na haja ya kuzunguka.

"Khattab, ile siku ya Yiti, Thani aliteleza kwenye mchanga upi?"

Akashughulika na kiatu chake muda mrefu.

"Mchanga haukuwepo, Kheiria. Barabara safi, tena imenyooka. Sisi tulikuwa nyuma. Tulimkuta kalala, macho wazi, hajibu. Kisha akaamka, akawa anatuuliza yuko wapi."

"Na mkanyamaza!"

"Katuapisha. Alisema jua tu, hakunywa maji." Akainua uso, na uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu. "Na mimi nikataka liwe jua."

Kama si heshima ningempiga na kiatu chake kingine. Nilimfungia mlango. Nikarudi majlisi.

Thani alikuwa hajaenda msikitini. Alikuwa amekaa palepale, na kwenye televisheni ile njia imesimama, gurudumu liko ukingoni.

"Kheiria, kaa."

"Nna kazi."

"Kaa, tafadhali." Nikakaa. Akavuta pumzi. "Wewe nimekuacha wa mwisho kwa sababu wewe ndiye ninayekuonea haya zaidi. Kheiria, niwie radhi."

"Sikuwii."

Alidhani hakusikia vizuri. "Nasema niwie radhi."

"Na mimi nasema sikuwii! Sikupi. Kuna siku uliniacha uwanja wa ndege na mizigo, ukasahau kwamba narudi. Sijakusamehe. Kuna siku ulimwambia mama yako biriani yangu ina chumvi. Sijakusamehe. Uliniambia mchanga, na mchanga haukuwepo. Hilo sikusamehe mpaka Kiyama. Ukitaka kufa kule kwenye majabali ya watu, kufa, lakini utakwenda mbele ya Mola nawe una haki yangu shingoni. Nenda sasa! Panda hicho kiti chako cha waya!"

Nilikuwa napiga kelele. Semeni alichungulia, akarudi jikoni mbio. Thani alinitazama, mdomo wazi, na uso wake ukaanza kuvunjika kidogo kidogo. Akafunika macho kwa kiganja na mabega yakamtetemeka.

"Macho yaliingia kiza," alisema. "Nilikuwa nashuka, mara kiza, mara niko chini. Na si mara ya kwanza. Wizarani kwenye ngazi, mara mbili. Nnaogopa, Kheiria. Nnaogopa hospitali, nnaogopa mlima, na safari nimeipanga mimi, wote wananifuata mimi. Sikujua nitoke vipi."

"Ungesema."

"Nimemwendea kila mtu. Nilidhani mmoja wao atanambia huendi. Mama kanipa. Jirani kanipa. Azzam kanipa, Kheiria! Azzam! Hata yeye hakunikatalia."

Nilimshika kichwa nikakiweka kwenye bega langu. Nilikuwa naogopa kuliko wakati wote, kwa sababu sasa nilijua ninachokiogopa.

"Huendi," nilimwambia.

"Siendi," alisema, na akashusha pumzi ndefu.

Hospitali waligundua kwamba moyo wake kuna wakati unasimama kidogo, kisha unaendelea. Akiwa amekaa kitini, atazimia tu. Akiwa kwenye njia ile ya Talbrunn... Daktari hakumaliza sentensi. Walisema wampasue kifuani, wamwekee kifaa cha kuushika moyo usisahau kupiga. Safwan na Khattab waliiahirisha safari. Khattab alikuja kuniomba radhi. Yeye nilimpa, baada ya kumsema mpaka nikachoka.

Siku ya kupasuliwa tulijaa kwenye korido ya hospitali, mama yake, Azzam, watoto wa Azzam, Semeni na chupa ya chai. Thani amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, amevaa lile vazi la kijani la kufungwa mgongoni. Bi Masouda akamsomea, akampa radhi yake upya. Azzam akampa yake. Kisha Thani akanigeuzia uso mimi.

"Kheiria. Sasa ni haki yangu kuomba. Niwie radhi."

Kila mtu alikuwa ananingoja mimi.

"Sikupi."

"We Kheiria!" Bi Masouda alinishika mkono. "Mtu anakwenda kupasuliwa! Mpe mwenzio radhi!"

"Atapewa akitoka, Mama. Aje aichukue mwenyewe."

Thani alinitazama, kisha akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu ile siku ya Yiti. Wauguzi wakakisukuma kitanda na mlango ukafungwa. Mama mkwe wangu alikaa mbali na mimi, hakunisemesha. Nikakivuta kiti changu mbele ya ule mlango, nikaukodolea macho.