Kanuni ya Tatu

Fundi saa hakutulia mchana kutwa. Mara asimame, mara achungulie dirishani, mara aokote bisibisi aliyoiweka sasa hivi. Na wala hakuwa na saa ya kutengeneza! Mezani alitandaza ramani aliyoichora mwenyewe: mto, daraja la njiti za kiberiti, na mpaka ng'ambo yake. Juu yake vifuniko vya chupa, vyekundu arobaini vya jeshi la adui, vyeupe tisa vya jeshi lao dogo. Ilikuwa vita ile ya zamani, siku zake tano za mwanzo. Kila Jumamosi huirudia peke yake, vyeupe vinakwisha mpakani, naye anashusha pumzi. Usimcheke. Kaka yake alifia pale, na fundi alitaka kujihakikishia kwamba isingewezekana vinginevyo.

Leo vyeupe vilishikwa na binti wa huyo kaka, mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akisoma kanuni za mchezo pembeni mwa ramani.

"Baba mdogo, hii kanuni ya tatu, 'Jeshi dogo halirudi nyuma siku tatu za kwanza.' Ya nini?"

"Ndivyo jeshi letu lilivyofundishwa. Isitoke hata shubiri moja ya ardhi."

"Vikosi tisa, vituo tisa, kila kimoja peke yake? Si kujimaliza huko! Naifuta."

"Weee! Mchezo una kanuni zake."

"Mara moja tu, jamani."

Angemkatalia vipi? Binti akavirudisha vyeupe vyote nyuma ya mto, kisha akaondoa njiti za daraja. Ili vyekundu vyake vivuke, fundi alihitaji dadu impe sita. Ikampa mbili. Akarusha tena, tatu. Siku ya nne kijasho chembamba kikamtoka. Akainuka, akafunga dirisha, akalifungua. Siku ya tano jeshi la nchi rafiki likafika kusaidia. Hata kwenye vita yenyewe lilifika siku hiyohiyo, likakuta wa kuzikwa. Hapa lilikuta vyeupe saba.

"Bahati ya dadu tu," fundi alisema. "Tuanze upya."

Wakarudia mara tatu. Vikabaki sita, vinane, sita.

Binti hakushangilia. Macho yalimjaa machozi. "Kumbe baba angepona. Mpumbavu gani alitoa amri ile?"

"Wakubwa." Fundi akakaa, akatulia mara ya kwanza tangu asubuhi. "Baba yako aliomba ruhusa kwa redio avuke mto na watu wake. Wakakataa, wakaandika jibu kwenye karatasi. Mimi nikalisoma."

"Wewe?"

"Nilikuwa mtu wa redio makao makuu. Majina yalikatazwa hewani, undugu ndio usiseme. Nikasoma, 'Msirudi nyuma,' basi. Nikajipa moyo kwamba hakuitambua sauti yangu."

"Akajibu nini?"

Fundi akaokota kifuniko kimoja cheupe, akakirudisha mpakani, mahali pake pa siku zote.

"Alisema, 'Nimekusikia, mdogo wangu.' Akabaki."