Mchoro wa Pwani

Fundi Akimana aliweka mwiko chini, akakataa kupanga tofali hata moja zaidi. Mchoro wa darasa alilokuwa akijenga ulitoka chuo kikuu, kwa watafiti wa majengo ya pwani: madirisha mapana, paa jepesi lililochomoza mbali.

"Mama, mchoro huu umepimwa," alisema Dokta Mwinjuma, mtafiti mkuu.

"Umepimwa Tanga, Dokta. Hapa Kagerankanda, huku bara, upepo wa mvua ya mawe utaingia chini ya paa hilo ulibebe."

"Basi nitatafuta fundi mwingine."

"Mtafute. Mimi nitakaa hapa mlangoni, niwaambie wazazi kwa nini nimeacha kazi."

Akimana hakuwa akitania. Alipokuwa darasa la tatu, bati la shule yao liling'olewa na upepo likampasua dada yake bega.

Alikaa siku mbili peke yake. Siku ya tatu akina mama wa kijiji wakaja na mikeka, wakaketi naye. Hakuna fundi aliyethubutu kuwaruka.

Dokta akaleta mchoro na penseli. "Haya, nionyeshe."

Akimana akafupisha paa, akachora nondo za kulifunga kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya kuta.

"Na utafiti wenu mtakapouchapisha," akasema, "uwe na jina langu pia."