Maua ya Mvule wa Khainza

"Nywele," Roselyn alisema. "Hebu rudia, Baba Ashley. Ulifikiri ni nywele."

"Sikusema ni nywele. Nilisema zimesimama kama nywele." Masinde alikuwa bado na mkasi mkononi. "Chafu. Majani makavu yamejaa ndani. Nikasema hapana, hawa wanyolewe."

"Hawa."

"Hizi."

Masinde alikuwa sajini wa magereza mwaka wa ishirini na sita sasa, na hakujua njia nyingine ya kupokea kitu kigeni. Mahabusu akifika anavuliwa alichokuja nacho, anaoshwa, ananyolewa, anapewa namba, anapangwa mstari. Jumamosi hiyo asubuhi, mkewe akiwa sokoni na binti yake akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, alizipokea okidi sita za Ashley, mimea ya maua inayoota juu ya miti, hivyo hivyo. Alizibandua kwenye magome ambayo zilikuwa zimeyang'ang'ania, akazisugua kwa brashi, akakata mizizi yote iliyoelekea juu pamoja na vijiti vilivyotokeza katikati, kisha akazifunga upya kwenye ukuta wa jiko, fupi kushoto, ndefu kulia. Vibao vya bati vilivyoandikwa JINJA na BUSIU alivitupa kwa sababu vilikuwa na kutu. Badala yake aliandika namba kwa rangi nyeupe, moja hadi sita, mwandiko safi kabisa.

Ashley alikuwa amechuchumaa mbele ya ukuta. Hakulia. Roselyn angependa alie, maana angejua la kufanya.

"Vile vijiti, Baba," Ashley alisema polepole, "vilikuwa na matumba. Vya Busiu vyote vitatu. Yangefunguka leo au kesho."

"Mimi sikuona ua."

"Ndiyo maana yanaitwa matumba," Roselyn alisema.

"Lakini Mama Ashley, okidi si okidi? Zote za manjano, zote zina madoa ya kahawia kama chui. Sasa mtu analia nini?"

"Hakuna aliyelia. Ashley, mweleze. Mweleze kama unamweleza mtu wa magereza."

Ashley alieleza, kwa mara ya tano mwaka huo. Spishi ni moja, lakini mmea ukikaa mahali pake miaka na miaka unaweza kuchukua sura ya mahali hapo, na tofauti ikiwa ya kutosha, wataalamu wanasema hii ni nususpishi ya huku na ile ni nususpishi ya kule. Mwalimu wake chuoni hakuamini kwamba okidi za kando ya mto hapa Jinja zinatofautiana na za Busiu. Ashley alisema zinatofautiana, kwenye mdomo wa ua, na akapewa mwaka mzima athibitishe. Za Jinja zilichanua Machi, akazipima zote. Za Busiu ndizo zilizokuwa zikisubiriwa. Kazi ilitakiwa Jumatatu. Bila vipimo vya Busiu hakuna kazi, na bila kazi angerudia mwaka.

Roselyn hakuhitaji kuelezwa. Yeye alikuwa Mbukusu wa Bungoma, ameolewa na Mgisu wa Busiu, na tangu harusi amekuwa akiambiwa kwamba Wabukusu na Wagisu ni watu wale wale. Wale wale, sawa. Ungewafunga kwenye ukuta mmoja ungeona.

"Zitaota tena?" aliuliza.

"Mwakani, labda. Kama hazijafa." Ashley alisimama, akajipangusa magoti. Kisha akasema kwa haraka, akiangalia pembeni, "Naweza kukadiria. Najua zilivyo. Nachukua vipimo vya Jinja, naongeza milimita mbili mbili kwenye mdomo. Nani atajua?"

"Wewe."

"Mama."

"Mimi pia nitajua. Nina diploma ya utunzaji wa stoo, Ashley. Miaka kumi na minne nimehesabu dawa pale kliniki, na kila mwaka anakuja mtu ananiambia, Madam, andika tu kwamba zipo. Siandiki kilichopo kichwani. Naandika kilichopo kwenye rafu." Alimgeukia mumewe. "Ulizitoa wapi hizi za Busiu?"

"Kwa dada. Tawi lilianguka, nikalibeba."

"Na mti bado upo?"

"Mvule ule? Utaenda wapi?"

"Basi maua yapo mtini. Si shida. Ashley anapanda gari sasa hivi, anapima, kesho yuko nyumbani. Kwa nini tunasimama hapa kama tunamsubiri mkuu wa gereza?"

Baba na binti walitazamana. Roselyn aliwaona wakitazamana, na akili yake ikamwambia kuna jambo hapa ambalo watu wawili wanalijua na wa tatu halijui.

"Semeni."

"Nimeshampigia shangazi," Ashley alisema. "Nusu saa iliyopita, ulipokuwa unamgombeza Baba."

"Na?"

"Anasema maua ni mengi, mpaka nyuki wanamsumbua. Anasema mimi ni mtoto wake. Lakini anasema mti ni wake na lango ni lake, na halifunguliwi tena mtu wa nyumba hii mpaka mama yangu aje mwenyewe, kwa miguu yake, aseme neno lake kuhusu mwiko."

Masinde alianza kuusafisha mkasi kwa makini sana.

Mwiko. Miaka minne, na yule mwanamke bado alikuwa na mwiko. Kwenye matanga ya mama mkwe walikuja watu mia tatu, na Khainza, dada mkubwa wa Masinde, ndiye aliyekuwa na haki ya kugawa chakula, kama binti wa kwanza wa marehemu. Alikuwa akigawa taratibu, akimuuliza kila mtu habari za nyumbani kwake. Mstari ulifika barabarani. Roselyn alivumilia dakika ishirini. Kisha alimpokonya mwiko mkononi, mbele ya wachungaji wawili na ukoo mzima, akasema, "Wifi, watu wana njaa," na akamaliza mstari kwa nusu saa. Watu walikula chakula cha moto. Khainza aliingia ndani, akafunga mlango. Tangu siku hiyo Roselyn hakukanyaga Busiu.

"Mstari ulikuwa barabarani," alisema.

"Ulikuwa barabarani," Masinde alikubali.

"Wazee walikuwa wamesimama juani."

"Walikuwa wamesimama."

"Usinikubalie hivyo." Aliziangalia zile okidi sita ukutani, zimenyolewa, safi, kila moja na namba yake. Mtu alikuwa ameona kitu kinakwenda polepole, kichafu kidogo, akadhani hakina mpango. Mizizi ile ilisimama kwa kazi yake, kudaka majani yanayoanguka ili mmea upate chakula. Ashley alimwambia Roselyn hivyo Machi, na yeye akajibu kwamba hata hivyo ingependeza kama ingepunguzwa.

Aliudhika. Aliudhika na Masinde, na Khainza, na nyuki wa Khainza, na zaidi ya yote na neno alilojua atalazimika kulisema.

"Lete simu," alisema.

Iliita mara mbili.

"Nani?"

"Ni Roselyn."

Kukasikika kuku, na mtu akikohoa kwa mbali.

"Nilikupokonya mwiko mbele za watu," Roselyn alisema. "Ulikuwa wako. Nilikukosea, wifi. Mstari ulikuwa mrefu, lakini mwiko ulikuwa wako. Nakuja kuyasema hayo hayo hapo langoni, na mtoto apime maua yake."

Khainza aliwafukuza kuku kwanza, taratibu, kwa makusudi kabisa.

"Unakuja lini?"

"Sasa."

"Mtafika na njaa," Khainza alisema. "Nitagawa mimi. Na nitakuuliza habari za nyumbani."

"Uliza," Roselyn alisema, na akakata simu.

Alivua aproni, akamtupia Masinde. Ashley alikuwa tayari na rula na daftari.

"Na mimi nifanye nini?" Masinde aliuliza.

"Usiguse kitu," Roselyn alisema, na tayari alikuwa nje ya geti akimpungia mkono mtu wa boda.