Chai Haipiti

Asubuhi hiyo foleni ya ukaguzi pale uwanja wa ndege ilikuwa fupi, na Kulikoni alikuwa kwenye mashine ya mizigo. Wenzake walimbandika jina hilo kwa udaku wake. Zamani hakuna abiria aliyempita bila kuulizwa anakwenda kwa nani, kama ameoa, na mbona macho mekundu. Kuuliza si ujinga, alikuwa akisema. Abiria wakalalamika, na walikuwa na haki. Sasa mkaguzi aliruhusiwa kuuliza habari za begi tu. Zaidi ya hapo, kazi huna.

Baba yake alikuja kwenye foleni, viatu mkononi. Alikuwa amefariki miezi michache nyuma, siku ambayo Kulikoni aliomba ruhusa akamuuguze, akanyimwa kwa kuwa abiria walikuwa wengi. Hakuna aliyeshangaa kumwona. Marehemu walikuwa wakisafiri tangu mwanzo wa mwaka, na tiketi zao hazikuwa na kasoro.

Kulikoni alitaka kumuuliza: ulikufa umenikasirikia? Msimamizi, yuleyule aliyemnyima ruhusa, alisogea akamkumbusha kwa upole kwamba abiria ni abiria.

"Shikamoo, mzee. Begi ni lako?"

"Marahaba. Langu."

"Umelipanga mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nilikuwa namsubiri binti yangu, kazi ikamshika. Nikaona nisikae bure, nikapanga polepole."

Kulikoni aliliweka begi kwenye mashine.

"Una kitu chochote cha majimaji?"

"Chai, chupa nzima. Nimempikia yeye. Akiwa kazini hanywi kitu, namjua."

"Chai haipiti hapa, mzee."

"Najua," alisema baba. "Ndiyo maana nimeipitisha hapa."

Akavaa viatu, akaenda zake kwenye ndege bila kugeuka. Kulikoni alifurahi mpaka mashine ikapitisha mabegi mawili bila kutazamwa.

Sheria ilitaka vinywaji vimwagwe, lakini haikusema vimwagwe wapi. Kulikoni alimwaga kwenye kikombe. Chai ilikuwa ya moto bado, na sukari yake ilikuwa ileile ya nyumbani. Msimamizi naye alipewa, akaisifu.

Kisha msimamizi akaenda mashine ya pili, kwa mkaguzi kijana aliyeomba ruhusa kwa kuwa mama yake alikuwa amelazwa, akamjibu kwamba ruhusa haiwezekani, abiria ni wengi.

Kulikoni alisuuza kikombe, akammiminia kijana iliyobaki.