Mkebe wa Tshibola

Sura ya Tshibola ilimkosesha Mbombo usingizi. Wanawake wengi wa kambi ile ya wafanyakazi wa mgodi, Kolwezi, walijichubua kwa pomadi wakabaki na mabaka, lakini huyo mjane jirani alikuwa na ngozi laini, inang'aa bila kupakwa kitu. Jumapili moja Ngeleka, mume wa Mbombo, fundi wa karakana ya mgodi, alisimama langoni na suti yake ya abakosti akasema, "Mama Tshibola, sura yako iko muzuri!" Moyo wa Mbombo uliwaka.

Akaanza kuchungulia ua wa jirani. Jumamosi akamwona: Tshibola anachota kitu cha chengachenga mkebeni, anakilowesha, anajisugua mashavu polepole. Na mkebe wenyewe Mbombo aliujua vizuri mno. Ulikuwa wa sabuni ya mchanga, ile wanaume wa karakana wanayonawia mikono yenye grisi, na dukani haiuzwi. Nani amempa, kama si Ngeleka? Loo, mwanamke huyu hana haya!

Akaingia ndani, akautoa mkebe wa mumewe chini ya kitanda, akajisugua uso kama anayekwangua ukoko wa ugali wa bukari sufuriani. Kama urembo umo humo, yeye ataupata mara mbili! Alipojimwagia maji, uso ulimchoma kama pilipili na mashavu yakatoka damu. Akaenda hivyo hivyo kwa Tshibola, analia na kufoka.

"Nani alikupatia iyi mukebe? Ni bwana yangu?"

"Mukebe niliokota ku takataka, mama," Tshibola akasema, akaufunua kuonyesha pumba za mahindi. "Mu ndani ni mapumba ya muindi na asali kidogo. We ulijisugula na nini? Yesu! Ikala hapa ku kiti."

Akaleta beseni la maji baridi na kitambaa, akaanza kumnawisha uso. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na hilo ndilo lililomuudhi Mbombo zaidi: hata kumchukia amenyimwa.

Ngeleka akaingia mbio, amesikia kelele. Hakumtazama Tshibola hata kidogo. Alipiga magoti, akachukua kitambaa, akaanza kumnawisha mkewe huku akimpulizia mashavu. "Pole, mama. Pole sana."

Mbombo akafumbua jicho moja. Tshibola alikuwa amesimama pembeni, mikono mitupu inadondosha maji, anamwangalia mwanamume aliyepiga magoti kwa ajili ya mke. Uso wake ule laini ulikuwa umekunjamana kwa wivu. Na Mbombo, Mungu amsamehe, alifurahi.