Neno Kwenye Kifuniko cha Injini

Injini ililetwa na nahodha wa boti ya kuvusha abiria, imefunikwa turubai kama bibi harusi. Fundi wa injini, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Spana, aliifunua akapiga mluzi. Ilikuwa nyeusi, nene, na ubavuni imeandikwa kwa herufi nyekundu: MAGNUM. Nahodha alitaka isafishwe, ifungwe kwenye boti yake, basi.

Baba mkwe wa Spana, aliyestaafu kazi ya askari wa wanyamapori, alipita karakana kusalimia kama ilivyokuwa kawaida yake. Alipoliona lile neno alisita, akalipapasa kwa kidole, kisha akasema amelibeba kiunoni miaka mingi. Liliandikwa kwenye kitako cha kila risasi yake. Akaaga, akaenda zake.

Spana akabaki ameduwaa. Neno moja linakaaje kwenye risasi na kwenye injini ya boti? Alimuuliza nahodha, akajibiwa kuwa ni mbwembwe za wauzaji. Alimuuliza mumewe, naye akakunja uso. Nyumbani kwao bunduki za baba hazikuzungumzwa. Mumewe alikua akichekwa na watoto wa askari wengine kwamba babake aliingiwa na woga, akanyang'anywa bunduki kubwa akapewa ndogo. Hakuwahi kuuliza, na baba hakuwahi kueleza.

Lakini udadisi ukishampanda Spana haushuki. Kesho yake alimvutia mzee kiti karakanani, akamuuliza waziwazi.

Mzee hakukasirika. Alirudi nyumbani akaleta maganda mawili ya risasi, matupu, akayasimamisha kwenye meza ya kazi. Moja jembamba, jingine refu lenye tumbo. Akamwambia ayapime midomo. Spana akachukua kipimo chake, akapima, akapima tena. Midomo ilikuwa sawa.

"Kichwa kinachoruka ni kilekile," mzee alisema. "Kilichoongezwa ni tumbo la kuwekea baruti. Niliambiwa kwamba neno lenyewe ni la lugha ya kale, maana yake 'kubwa'."

Spana akacheka. Injini nayo alikuwa ameikuta hivyohivyo: kwa nje umbo ni la injini ndogo ya aina hiyohiyo, ila ndani silinda zimetanuliwa zimeze mafuta zaidi. Sasa akataka kujua risasi ya namna hiyo hufanya nini ikishatoka.

Mzee aliyalaza maganda mezani. Kisha akasimulia, polepole, siku aliyoitwa kumzuia nyati aliyeingia mashambani na kujeruhi watu. Alifyatua mara moja tu, nyati akaanguka. Risasi haikuanguka naye. Ilimpita, ikatoboa ukuta wa udongo uliokuwa ng'ambo, ikakatiza chumba alimolala mtoto mchanga, juu kidogo ya kitanda chake.

"Hakuguswa," alisema. "Mama yake hata alinishukuru kwa ajili ya nyati. Nilikuwa nimempima nyati, mwanangu. Nyuma yake sikupima."

Siku iliyofuata kisa kile, mzee alirudisha bunduki ile ofisini kwa hiari yake, akaomba ndogo. Wenzake wakasema walichotaka kusema.

Spana aliyakusanya maganda, akamrudishia. Baadaye akaomba ruhusa amsimulie mumewe, na mzee akaitikia kwa kichwa.

Mchana ule, akiendelea na injini, likamjia swali ambalo hakuwa amejiuliza: boti yenyewe ikoje? Akaacha kazi, akashuka hadi gatini. Ubao wa nyuma, ule unaobeba injini, ulikuwa mzima kwa rangi tu. Alipouchoma bisibisi, iliingia kama kwenye mkate. Nahodha akabisha, akadai ubao huo umebeba injini miaka yote. Spana akamjibu kwamba umebeba injini yake ya zamani, iliyo ndogo, na yeye hafungi kitu hapo. Walivutana hadi nahodha alipoichukua bisibisi akachoma mwenyewe. Aliitazama, akaenda kumtafuta seremala.

Boti ilijaribiwa ubao mpya ulipokuwa umekauka rangi. Mzee alialikwa. Mumewe Spana naye alikuja, ingawa maji na yeye ni mbalimbali, akakaa ubavuni mwa babake. Nahodha alipoongeza mwendo, pua ya boti ikainuka na wote wakaangukiana. Mwendo ulipopungua, Spana alimsikia mumewe akiuliza, kwa sauti ya chini, yule nyati alikuwa na ukubwa gani.

Mzee akanyoosha mkono juu ya kichwa chake, akaushusha kidogo ili asiongeze chumvi, akaanza kusimulia tangu mwanzo.