Sentimita Sabini

Pembe za ng'ombe zilikuwa bado juu ya maji nilipotambua kwamba kicheko changu hakijafutika mdomoni.

Miaka sita sasa. Mimi na Muchangi, mwendesha boti, tulikuwa tukipima kina cha bwawa moja huko chini ya Ishiara. Mashine hutuma mlio, mlio hugonga chini ukarudi, nayo hukuandikia kina. Asubuhi tulikuwa tumeikagua kwa sahani ya chuma iliyoning'inizwa kwa mnyororo: haikukosea hata sentimita mbili. Nami, mtoto wa mashamba ya majani chai ya Kibugu, mbali na bwawa lolote, nikajiona mwenyeji wa maji.

Mzee Rwamba alisimama ukingoni na ng'ombe watatu, mbavu nje. Ukame ulikuwa umeacha mkono mwembamba wa maji kati yao na nyasi za ng'ambo. Kuzunguka ni siku nzima. Akachomeka fimbo.

"Hii inaendelea tu kushuka, kijana."

"Mzee, fimbo yako haikuenda shule! Mashine inasema sabini. Watalowa tumbo tu."

Muchangi aliinua bildi, ile kamba ya kupimia kina yenye risasi nzito nchani. "Tushushe hii kwanza? Hapa mto humwaga tope."

"Shusha wewe, kaka. Mimi nashusha chakula, saa saba hii."

Rwamba alicheka nasi, kwa adabu. "Haya. Wewe ndiye umesoma." Akawaswaga ng'ombe majini.

Na kweli nilikuwa nimesoma. Hapo ndipo paniumapo. Tulifundishwa kwamba mlio wa masafa ya juu, kama wa mashine yetu, hugota kwenye uso wa tope laini ukarudi, ukidhani umefika. Sahani ni chuma, tope si chuma. Sabini zilikuwa za maji. Chini yake, rojo la udongo, mita mbili na ushei, lisiloweza kubeba hata kuku.

Wawili waligeuka. Wa mbele, mwenye mimba, hakuweza. Tulivuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Alituangalia muda wote, mpaka pembe nazo zikazama.

Jioni Gatwiri, mke wa mzee, alituletea uji. Alijaza kikombe changu kwanza.

"Kunywa, mwanangu. Umelowa sana."

Nyuma yangu Rwamba alikuwa akiwaeleza majirani kwamba yule ng'ombe alikuwa mkaidi tangu ndama, haambiliki, alijitia mwenyewe majini.

Muchangi alinitazama. Nikainamia kikombe, nikanywa, nikamwacha mzee aseme.